UZI: Kabla hujasema watu wa Pwani hawapendi shule

1/ Matokeo ya KCSE yakitoka, hadithi huwa ni ile ile. Jedwali la kaunti linaanza kuzunguka WhatsApp, Pwani iko huko chini, halafu wiki mbili nzima wanasiasa wanarushiana lawama. Mmoja anasema walimu ni wazembe. Mwingine anasema wageni wamejaa kwenye shule zetu. Wa tatu anakumbusha watu kwamba yeye alitoa basari. Na kwenye komenti hakosi yule wa kusema: "Watu wa Pwani hawapendi shule."

2/ Mimi nasoma sayansi ya siasa. Nimekulia upande wa Ganze, Kaunti ya Kilifi, na KCSE nilifanyia shule ya kutwa ya kaunti ndogo. Kwenye uzi huu sitataja mwanasiasa wala chama, na shule yangu pia sitaitaja. Hoja yangu ni moja tu: wastani wa shule hukuambia nani aliingia kidato cha kwanza kabla haujakuambia nani alifundisha. Na nani aingie wapi ni jambo lililoamuliwa kwa zaidi ya miaka mia moja. Chukua chai, uzi ni mrefu.

3/ Tuanze na hili la kutopenda shule. Mmisionari Krapf alifika Mombasa 1844. Mwaka 1846, yeye na mwenzake Rebmann walifungua kituo Rabai. Rabai iko wapi leo? Kaunti ya Kilifi. Watu walikuwa wanafundishwa herufi Rabai miaka 50 kabla ya reli kuanza kujengwa. Mwaka 1875 kikafuata kituo cha Freretown, Mombasa, cha watumwa waliokombolewa, nacho kilikuwa na shule. Kama shule ni mbio na mshindi ni aliyetangulia kuanza, leo Kilifi ingekuwa inawafundisha wengine.

4/ Kilichogeuza mambo ni reli. Ilianza Mombasa 1896, ikafika ziwani Kisumu 1901. Walowezi wakafuata ardhi ya bara, serikali ikawafuata walowezi, na misheni nazo zikapanda huko huko. Waskoti walifika Kikuyu 1898. Maseno ilianza 1906. Shule ya Wakatoliki iliyokuja kuwa Mang'u ilianzia Kabaa, Machakos, 1925. Mwaka 1926 misheni za Kiprotestanti zikaungana kufungua Alliance pale Kikuyu, shule ya sekondari ya Waafrika. Miaka 80 baada ya Rabai, mtoto wa Rabai akitaka sekondari ya maana alitakiwa apande treni.

5/ Wakati huo kwetu kulikuwa na vita. 1913 Mekatilili wa Menza aliwalisha Wagiriama kiapo wasitoe vijana wao kwenda kufanya kazi za Waingereza, wala kulipa kodi. Akakamatwa, akapelekwa uhamishoni Kisii, akatoroka, akarudi. Agosti 1914 Waingereza wakalipua kaya ya Wagiriama kwa baruti, na watu wakaamriwa kuhama kaskazini mwa mto Sabaki. Jiulize: aliyelipua kaya yako akija mwaka unaofuata kukuambia umlete mtoto asome, utamleta mbio mbio?

6/ Kwa Waislamu wa Pwani kulikuwa na tatizo lingine. Kwa miaka mingi shule ilikuwa ni misheni, na misheni ilitaka kubatiza. Wazazi wengi waliona bora chuo cha Kurani kuliko kumpoteza mtoto. Huko si kuchukia elimu, maana chuoni mtoto alijifunza kusoma na kuandika, ila kwa herufi ambazo serikali haikuzihesabu. Taasisi ya ufundi ya Waislamu Mombasa, ile MIOME ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ilianza kufundisha 1951. Alliance tayari ilikuwa na umri wa miaka 25.

7/ Na shule za serikali zenyewe zilikuwa na matabaka ya rangi. Wazungu walikuwa na zao, Wahindi zao, Waarabu zao, na Waafrika wakapewa kilichobaki. Prince of Wales ilifunguliwa Nairobi 1931, Duke of York 1949, zote za wavulana wa Kizungu. Uhuru ulipokuja zikabadilishwa majina zikawa Nairobi School na Lenana. Viwanja, maabara, maktaba na mabweni havikubadilika. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na hivi viliundwa kwa pesa ambayo mtoto wa Mwafrika hakuwa kwenye hesabu yake.

8/ Halafu kuna mtihani. Ripoti ya Beecher ya 1949 iliweka elimu ya Mwafrika kwenye hatua za miaka minne minne, na mwisho wa kila hatua mchujo. Kusudi la mtihani halikuwa kumsaidia mtoto ajue amefika wapi. Nafasi zilikuwa chache, kwa hivyo lazima wengi waangushwe. Shika hilo neno mchujo, tutalirudia. Mtihani wetu wa kitaifa ulizaliwa kama chekeche, na sisi leo tunautumia kama mizani.

9/ Nisionekane nachochea Pwani dhidi ya bara, bara nako si kwamba walipewa bure. Wakikuyu walijenga shule zao huru baada ya kukosana na misheni, hata wakafungua chuo cha walimu Githunguri 1939. Hali ya hatari ilipotangazwa 1952, serikali ya kikoloni ikazifunga. Wazee wa huko walitoa jasho na wakaadhibiwa kwa sababu ya shule. Lakini waliposimama tena, walikuwa na vitu viwili ambavyo sisi hatukuwa navyo. Navijia.

10/ Uhuru, 1963. Kenya nzima ilikuwa na shule za sekondari 151, wanafunzi 30,120. Basi. Tume ya Ominde iliyoundwa mwaka huo huo wa uhuru ilitaka shule za rangi ziishe, watoto wa Kenya wasome pamoja. Rangi ikaondoka mlangoni, ada ikabaki imesimama pale pale. Shule zilizokuwa za Wazungu ziliendelea kutoza karo kubwa, na aliyeweza kulipa akaingia.

11/ Sasa ile karatasi maarufu, Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965. Wanasiasa huitaja sana bila kuisoma. Pamoja na mambo mengine ilisema pesa ya maendeleo iwekwe pale itakapoleta faida ya haraka: penye ardhi nzuri na mvua, barabara na umeme, na watu walio tayari kupokea maendeleo. Wazo lilikuwa kwamba faida ikipatikana huko, itagawiwa kwa wengine baadaye. Ganze, Magarini, Tana River, Mandera, sisi sote tukawa watu wa baadaye.

12/ Serikali haikuwa na uwezo wa kujenga sekondari kila mahali, kwa hivyo watu wakaambiwa wachange. Ndipo zikaja shule za harambee. Zikaota kama uyoga hadi kufikia miaka ya 70 zikawa nyingi kuliko za serikali. Ni moja ya kazi kubwa zaidi ambazo wananchi wa nchi hii wamewahi kufanya kwa mikono yao. Lakini harambee inataka vitu viwili: ardhi ya kujengea na pesa ya kuchanga. Ndivyo vile viwili nilivyosema.

13/ Ardhi kwanza. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwapa watu wachache hati za ukanda wa Pwani, na Wamijikenda wengi wakageuka maskwota kwenye mashamba waliyozaliwa. Skwota atatoa wapi ekari kumi za shule? Hata akitoa, mwenye hati anaweza kuja kesho. Mpaka leo kuna shule za umma huku kwetu hazina hati, na kila kampeni mtu anaahidi kuzitafutia.

14/ Pesa sasa. Wenzetu wa kahawa na chai walikuwa na vyama vya ushirika, na mchango wa shule ulikatwa kwenye malipo ya zao. Sisi tulikuwa na nazi na korosho. Babu yangu alisomesha watoto wawili kwa korosho. Kiwanda cha korosho cha Kilifi kilipofungwa miaka ya 90, bei ikawa ni ya yule broka mwenye gari. Shangazi yangu wa mwisho aliishia darasa la nane. Nyumba ile ile, akili zile zile, korosho ndiyo haikuwa na mnunuzi.

15/ 1985, mtaala wa 8-4-4 ukaingia na pamoja nao ukaja utaratibu wa mgao: asilimia 85 ya wanafunzi wa shule za mkoa watoke eneo hilo, 15 watoke nje. Nia ilionekana nzuri, wenyeji wafaidike na shule zilizo kwao. Lakini fikiria hesabu yake. Eneo lenye shule kumi nzuri likabaki na asilimia 85 ya nafasi za shule kumi. Eneo lenye shule moja likabaki na asilimia 85 ya moja. Mgao uligawa ukosefu kama ulivyokuwa, na isitoshe ukafanya watoto wa Kenya wakue bila kukaa dawati moja na mtu wa lugha nyingine.

16/ Juu ya zote zilikuwa shule za kitaifa, 18 tu kwa miaka mingi. Zilichukua watoto bora kutoka kila wilaya. Nyingi zilikuwa Nairobi, Kiambu na Nakuru. Pwani nzima hakukuwa na hata moja, na Kaskazini Mashariki pia hakukuwa na hata moja. Maana yake kila mwaka mtoto wetu anayeng'aa aliondoka, na alama zake zikahesabiwa huko alikoenda. Ni baada ya 2011 ndipo shule nyingine zilipandishwa hadhi, ikiwemo Shimo la Tewa, mpaka zikapita 100.

17/ Wakati huo huo idadi ya watoto ililipuka. 2003 elimu ya msingi ikawa bure. 2008 serikali ikaanza kulipia masomo ya sekondari ya kutwa, shilingi 10,265 kwa kila mwanafunzi. 2018 ikawa 22,244, na ikatangazwa kwamba kila aliyemaliza darasa la nane lazima aende kidato cha kwanza. Mimi ni wa darasa lile la 2018. Wengine waliletwa shuleni na chifu. Mmoja alikuwa ameanza kuendesha bodaboda, akaja na viatu vya kazi.

18/ Hapa ndipo watu wengi husahau kufikiri. Kidato cha nne cha 1975 na cha leo si kundi moja la watu. Zamani kilikuwa na watoto wachache waliopita machekeche matatu. Leo kina karibu kila mtu. KCSE ya 2024 ilikuwa na watahiniwa zaidi ya 960,000. Waliopata C+ kwenda juu ni 246,391, kama robo hivi. Ukisema "elimu imeshuka, zamani watu walipita," jiulize kwanza zamani ni wangapi waliruhusiwa kufika kwenye karatasi.

19/ Sasa tupige hesabu ndogo, ya mfano tu. Shule ya kwanza inachukua watoto wa alama 390 kwenda juu kwenye KCPE ya alama 500. Ya pili inachukua waliobaki, wengi wakiwa na 190. Miaka minne baadaye ya kwanza inapata wastani wa B, ya pili D+. Gazeti litasema ya kwanza ni shule bora. Lakini kama wale wa kwanza waliingia wakiwa A na wametoka B, na wale wa pili waliingia wakiwa D wametoka D+, walimu wa wapi ndio walifanya kazi?

20/ Kule kwetu chekeche lilifanya kazi hivi. Wa kwanza wetu alienda shule ya kitaifa. Waliomfuata wakaenda zile zinazochukua kutoka kaunti zote, ambako mgao ulikuwa 20 kwa 40 kwa 40: kaunti ndogo yenyewe, kaunti nzima, na nchi nzima. Waliobaki wenye uwezo kidogo wakaenda bweni za kaunti. Sisi wengine tukaenda kutwa. Halafu shule zote hizo zikawekwa kwenye orodha moja kana kwamba zilianzia mstari mmoja.

21/ Na kuna waliochujwa na pesa wala si alama. Rafiki yangu wa darasa la nane aliitwa shule ya kitaifa. Karo ya bweni iliyokubaliwa na serikali ilikuwa shilingi 53,554 kwa mwaka, bado sanduku, godoro, sare na nauli. Kwao walikuwa wanangoja mvua. Barua ile ikakaa kwenye mfuko wa plastiki juu ya kabati, na yeye akaja kutwa na sisi. Alipata B. Ndiye aliyeinua wastani wa shule yetu mwaka ule, na mwalimu mkuu akapongezwa kwenye baraza.

22/ Shule yenyewe ilikuwaje? Walimu wa TSC walikuwa saba. Waliobaki walikuwa wa bodi, vijana waliomaliza chuo wakilipwa na michango ya wazazi, na mchango usipokuja hawaji. Maabara ilikuwa chumba kimoja ambacho pia kilikuwa stoo ya mahindi ya msaada. Fizikia ilifundishwa hadi kidato cha pili, basi. Wenzangu wengine walitembea kilomita saba kuja na saba kurudi. Korona ilipofunga shule Machi 2020, tukaambiwa masomo yako kwenye TV na redio. Kijijini kwetu stima ilikuwa imefika kwenye nyumba mbili.

23/ Shule zilipofunguliwa Januari 2021, wasichana wanne wa darasa letu hawakurudi. Wawili walikuwa na watoto. Serikali ina mwongozo wa kumrudisha shule msichana aliyejifungua tangu miaka ya 90, lakini mwongozo haumshikii mtoto mama akiwa kwenye hesabu. Mmoja alirudi mwaka uliofuata, akafanya mtihani. Kwenye jedwali yeye ni D. Mimi najua ilimgharimu nini.

24/ "Basi unatetea tu wazembe." Hapana. Kuna shule za kutwa zinazopokea watoto wale wale wenye alama zile zile na zinafanya vizuri kuliko jirani. Kuna walimu wasioingia darasani. Kuna wazazi wanaoruhusu mtoto akeshe kwenye disko matanga siku ya shule. Hayo ni makosa na yasemwe. Lakini hutayaona kwa kutazama wastani peke yake. Utayaona ukilinganisha shule na nyingine iliyopokea watoto kama wake.

25/ Wastani wenyewe pia una visa. Mwaka 2015 waliopata A nchini walikuwa zaidi ya 2,600. Mwaka 2016, udanganyifu wa mitihani ulipobanwa, wakawa 141. Walimu wa Kenya hawakuwa wajinga kwa usiku mmoja, kwa hivyo ile miaka ya nyuma tuliyokuwa tunashangilia na kubebana mabegani inafaa kutiliwa shaka. Na kabla serikali kusimamisha kuorodhesha shule 2014, baadhi zilikuwa zinawasajili watoto dhaifu kwenye kituo kingine ili wasiharibu jina. Orodha ilifundisha shule kuficha watoto.

26/ Sasa turudi kwa madai ya mikutanoni, moja moja.
DAI: "Wageni wanachukua nafasi za watoto wetu." Shule nzuri ikiwa moja na watoto ni elfu kumi, hata ukimfukuza kila mgeni bado maelfu ya watoto wa nyumbani hawatapata. Anayekuambia adui ni yule mtoto wa kaunti jirani hataki uulize kwa nini nafasi ni chache. Uliza amependekeza shule ngapi ziongezewe maabara, mabweni na walimu.

27/ DAI: "Walimu wa nje waende, tuweke wetu." Walimu wetu watatoka wapi? Mwalimu wa hesabu anatengenezwa na sekondari yenye mwalimu wa hesabu. Eneo lililokosa sekondari kwa vizazi viwili litakosa walimu kwenye kizazi cha tatu. Kaskazini Mashariki waliliona hili kwa uchungu: baada ya lile shambulio la basi Mandera, Novemba 2014, lililoua watu 28 wakiwemo walimu, wengi kutoka nje walikataa kurudi, na madarasa yakabaki bila mtu. Fundisheni wetu, ndiyo, lakini msifukuze aliyepo kabla wetu hajahitimu.

28/ DAI: "Gavana ameangusha shule za sekondari." Fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne. Kaunti imepewa chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Msingi, sekondari na walimu ni kazi ya serikali kuu. Kwa hivyo mgombea ugavana akikuahidi walimu wa sekondari, anakuahidi kitu kisicho mkononi mwake. Na mbunge akimrushia gavana lawama za D zetu, anakwepa swali lake mwenyewe: bajeti ya TSC hupita wapi kama si Bungeni?

29/ DAI: "Mimi nimetoa basari ya mamilioni." Asante. Lakini hiyo ni pesa ya umma, iwe ni ya CDF, ambayo ilianzishwa 2003, au ya kaunti. Na kama ni milioni kumi kwa watoto elfu tano, ni shilingi elfu mbili kila mmoja. Haimpeleki yule rafiki yangu shule ya kitaifa. Inampeleka mpaka lango la shule, kisha anarudishwa nyumbani kutafuta salio. Basari ndogo ndogo kwa wengi hupata kura, basari kamili kwa wachache husomesha. Mwenye kugawa anajua tofauti.

30/ DAI: "Mtaala mpya utamaliza haya yote." Januari 2026 watoto wa kwanza wa mtaala mpya waliingia gredi ya 10. Shule sasa zinaitwa C1, C2, C3 na C4. Soma polepole: C1 ni zilizokuwa za kitaifa, na C4 ni zilizokuwa za kaunti ndogo. Ngazi ni ile ile, imepakwa rangi. Mtoto amepewa uhuru wa kuchagua njia ya sayansi, ya jamii au ya sanaa na michezo. Kama C4 ya kwao haina maabara, njia ya sayansi amechaguliwa aikose.

31/ Kwa hivyo mkija kwenye baraza, au hata hapa kwenye komenti, acheni kuuliza "wastani ni ngapi?" Ulizeni haya:
Watoto waliingia na alama gani, wametoka na gani?
Waliingia wangapi kidato cha kwanza, waliofika kwenye mtihani ni wangapi, na walioachia njiani wako wapi?
Walimu wa TSC ni wangapi na wa bodi ni wangapi?
Kuna maabara? Somo gani halifundishwi kabisa?
Shule ina hati ya ardhi?

32/ Haya ni maswali ambayo hata mzazi ambaye hajasoma anaweza kuuliza, na mwalimu mkuu ana majibu kwenye faili. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari iliyoko mikononi mwa serikali. Kifungu cha 43 kinasema elimu ni haki. Huombi msaada.

33/ Na kwa wale wa "hawapendi shule": yule jamaa wa bodaboda niliyemtaja, aliyeletwa na chifu 2018, alikaa miaka yote minne. Asubuhi shule, jioni abiria. Alipata D+. Kwenye jedwali lililozunguka WhatsApp, yeye ni sehemu ya sababu Kilifi iko chini. Mwaka jana alinibeba kutoka stendi hadi nyumbani, akakataa nauli, akaniuliza kama kwenye chuo chetu kuna kozi ya umeme inayochukua mtu wa D+. Nikamwambia chuo cha ufundi cha karibu kinachukua. Ameanza Januari.

34/ Uzi umeisha. Nimeandika ya Kilifi kwa sababu ndiyo naijua. Kama unatoka Turkana, Kitui, Migori ama Mathare, tuambie ya kwenu: sekondari ya kwanza ilijengwa lini, na nani alichanga? Nitayakusanya. Uzi ujao nitafuata pesa ya basari kutoka Nairobi hadi kwenye dirisha la bursar. Matusi sitajibu, takwimu nitajibu.